Irente si Everest: acheni kutuuzia mabuti!

Wadau, leo nina dukuduku na nisipolitoa nitapasuka.

Kila ikikaribia wikiendi ndefu, vijana wa Dar tunapangana kupanda Lushoto. Safi sana, nchi ni yetu, tuitembee. Tatizo ni ile orodha inayotangulia safari. Majuzi nimeletewa moja na waandaaji fulani (sitawataja, wanajijua): mabuti ya mlima yasiyopitisha maji, yanayofunika kifundo cha mguu, ya dukani na si mtumba. Chini kabisa kwa herufi nene: asiye nayo asije. Nikaenda kuulizia duka moja la mjini. Laki nne na nusu! Kwa mshahara upi? Dada mmoja kazini kwetu, ambaye hajawahi kuiona Usambara zaidi ya kwenye picha, kaisoma orodha ile akasema basi, mambo ya milimani ni ya wenye nazo. Akabaki nyumbani.

Hapo ndipo nilipokasirika. Maana orodha ile siyo tu ya ghali, ni ya uongo.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Unashuka Mombo, unapanda ile barabara ya kona kama kilomita 33 kupitia Soni, unafika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mjini hadi Irente ni kilomita tano hivi. Unapita mashambani kwa watu, kwenye mahindi, maharage na kabichi, kwa njia ambayo akina mama wanaitumia kupeleka mizigo sokoni. Ukifika kwenye jabali unaiona tambarare ya Mazinde iko chini yako karibu mita elfu moja, unapiga picha, unakunywa chai, unarudi. Hiyo ni nusu siku. Hata ukiamua kuingia msitu wa Magamba, utakutana na mizizi, matope na miteremko, hutakutana na barafu. Kilimanjaro ni mita 5,895, baridi ya kuua na siku tano mpaka nane njiani. Mtu anayekupa orodha ya Kilimanjaro uende nayo Irente hajui aendako, au anajua ila ana mjomba mwenye duka.

Sasa tuongee hesabu. Mwaka 1969 watafiti wawili wa jeshi la Marekani, Soule na Goldman, walipima nguvu anazotumia mtu kubeba mzigo kichwani, mikononi na miguuni. Wakakuta kwamba kilo iliyofungwa miguuni inakula nguvu mara nne mpaka sita ya kilo ya mwili wenyewe. Ya kichwani? Inazidi kidogo tu. Yaani mama wa Kisambaa mwenye kikapu kichwani anatembea kisayansi, na wewe mwenye mabuti ya kilo moja na nusu unajitesa. Jozi ya raba nzuri ina gramu 700 hivi. Ile tofauti ya gramu 800 miguuni ni kama kubeba kilo tatu mpaka tano bure mgongoni, kila hatua, mpaka Irente na kurudi.

Na tusidhani ni sisi tu tunaobishana juu ya uzito. Wazungu wa milima ya theluji wana mchezo wa kupanda mlima kwa miguu wakiwa wamevaa mbao za skii, halafu wanateleza kushuka. Kati ya kiatu na mbao kuna kishikizo. Wakipanda, kisigino kinaachwa huru kiinuke. Wakishuka, kinafungwa kabisa. Vishikizo vya zamani vilikuwa vizito, mpaka miaka ya 1980 Mwaustria Fritz Barthel alipobuni kidogo chepesi kinachoshika ncha ya kiatu kwa vipini viwili. Wenzetu wenye theluji na pesa wanatafuta wepesi, sisi tusio na theluji tunauziwa uzito!

Kishikizo chetu sisi ni kamba za viatu, na somo ni lile lile. Ukipanda, legeza kamba za juu ili kifundo kikunjike. Ukifika juu, kabla ya kushuka, kaa chini, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, kisha kaza kamba upya kuanzia katikati ya mguu kwenda juu. Usipofanya hivyo mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, na kucha za vidole gumba ndizo zinazolipa. Wengi wanauogopa mlima wakati wa kupanda, lakini kuteleza na kuanguka kwingi ni wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kuchagua kiatu usiulize jina la kampuni. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazovaa. Kwanza kisigino: kisipande na kushuka ndani ya kiatu, hapo ndipo malengelenge yanapozaliwa. Pili mbele: piga ncha ya kiatu sakafuni, vidole visiguse ukuta. Tatu soli: iwe na meno marefu yaliyoachana, maana udongo mwekundu wa Usambara wakati wa masika unaziba meno madogo na kiatu kinageuka sahani. Mabuti ya mvua ni mazuri kwenye tope, ila kisigino kinaogelea humo ndani. Njumu zinashika tope, lakini kwenye jiwe lililolowa utajuta.

Na mtumba? Nenda Karume, nenda Memorial pale Moshi, utapata vitu vya maana. Ila kuwa na macho. Viatu vingi vya mlima vina tabaka laini la polyurethane katikati ya soli, na hilo linaoza kwa unyevu na umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinang'aa mezani, kikifika Magamba kinaachia soli kama mkate uliolowa. Kikunje, libonyeze lile tabaka kwa kidole gumba. Likipasuka au kutoa unga, rudisha.

Najua kuna kundi la pili linanisubiri kwa hamu. Mashujaa. "Kwani wenyeji wanavaa nini? Si yeboyebo? Si katambuga? Bikila si alishinda Roma peku?" Ni kweli, Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 bila viatu. Mbona hamwendelei na hadithi? Mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, amevaa viatu. Alipovipata vinavyomfaa alivivaa.

Hapa ndipo penye donda lenyewe. Safari yangu ya mwisho kule, tuliongozwa na kijana wa rika langu. Sisi kumi na mbili miguuni tulikuwa na thamani ya pikipiki mpya. Yeye alikuwa na yeboyebo zilizoshonwa kwa waya, na siku hiyo ilinyesha. Aliteleza mara mbili akimshika mkono mwenzetu mwenye mabuti ya bei mbaya. Nikasikia mtu anasema, "Hawa wamezoea." Wamezoea! Nilimuuliza yule kijana kama anapenda kutembea vile. Akacheka, akasema angekuwa na raba angevaa raba. Akivunjika mguu, msimu wake umekwisha, na sisi tutakuwa Kariakoo tunasimulia.

Neno "wamezoea" ni la watu wasiotaka kulipa. Kule Moshi, tangu mwaka 2003, kuna mradi unaoitwa KPAP unaowaazima wapagazi wa Kilimanjaro nguo na viatu vya mlimani bure. Kumbe inawezekana. Inahitaji tu mtu aone kwamba miguu ya mpagazi nayo ni miguu.

Basi mimi napendekeza orodha yangu, fupi. Moja, kila mtu aje na kiatu chepesi kinachomshika kisigino, cha dukani au cha mtumba, hatuulizani bei. Mbili, kila kundi linalopanda lichange na kununua jozi moja nzuri ya saizi ya mwongoza njia, aulizwe saizi kwa simu kabla hatujatoka Dar. Tukiwa kumi na mbili, hiyo ni bei ya soda chache kwa kila mmoja. Tatu, mwandaaji atakayesema "asiye nayo asije" aanze kumwambia hivyo yule anayetutangulia njiani, tuone tutafikaje Irente.