NGOMA IPITE KAMA BEHEWA

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita lilizuka shauri moja, nasi hatukulimaliza kwa kuwa wengine waliitwa zamu. Shauri lenyewe ni hili. Kikundi cha ngoma cha vijana wa kwetu Butula kilialikwa arusi ng'ambo ya Malaba. Wote walikuwa na vitambulisho, nao wakaruhusiwa kupita. Ngoma zao zikazuiwa. Wakaulizwa, "Hizi ni bidhaa? Risiti iko wapi?" Ngoma iliyowambwa kwa ngozi ya ng'ombe wa babu, risiti yake itoke duka gani? Wakakaa hapo hata jua likatua. Arusi ikachezwa kwa spika ya kukodi. Vijana wakarudi bila ujira, na nauli wamekwisha kuitoa.

Ndugu mmoja alisimama akasema, "Hayo ni mambo ya wacheza ngoma. Chama chetu ni cha mishahara." Watu wakapiga makofi. Sisi hatukupiga, na leo twaeleza kwa nini.

Mpiga ngoma ni mfanyakazi. Hutoka jasho, hukesha, hulipwa au hudhulumiwa, kama sisi. Na nyuma yake wako wengine: fundi wa kuwamba ngoma, mwenye kuchonga litungu, mama anayeshona mavazi ya kuchezea, kijana anayebeba vyombo. Ngoma moja ikizuiwa langoni, sufuria za nyumba nyingi hazipandi jikoni. Sisi tunaopokea mshahara wa mwezi tusiwacheke wanaoishi kwa ujira wa siku.

Tena tuutazame huo mpaka wenyewe. Mpaka mwaka 1902 nchi yetu hii, toka hapa hadi Kisumu na mbele hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ndipo Waingereza walipoikata wakaitia upande wa pili, wala babu zetu hawakuulizwa neno. Wasamia wakaachwa huku na huku. Wateso wako Amagoro na wako Tororo, na kinubi chao cha adeudeu ni kimoja. Litungu hupigwa Bungoma na hupigwa Mbale. Mtu akivuka na chombo chake hapeleki kitu kigeni. Akipeleka nyumbani kwa ndugu yake.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili kuliko wengine. Njia ya reli ilifika Kampala mwaka 1931, nayo hupita papa hapa Malaba. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukagawana injini na mabehewa. Na baadaye, mwaka 2006, serikali za Kenya na Uganda zilizikodisha reli zao pamoja kwa kampuni moja. Mkataba ule haupo tena, lakini somo lipo. Mtaji wapita. Behewa la mafuta lapita, na behewa la saruji lapita. Je, ngoma ina kosa gani?

Wala tusidhani kwamba twaota. Okot p'Bitek alikuwa mtu wa Gulu, Uganda, na kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1966 kilichapwa Nairobi. Alipotoka katika kazi yake ya kusimamia jumba la michezo la taifa huko Kampala, alikuja Kisumu, na mwaka 1968 tamasha la sanaa likafanywa pale kwa juhudi yake. Kenya ilipungukiwa nini? Ndugu wa jamaa ya Kinyonga walitoka Tanga wakaja Kenya miaka ya 1970, wakaunda bendi ya Simba Wanyika. Wafanyakazi waliocheza muziki wao siku ya Jumamosi hawakuuliza pasi ya gitaa.

Tuseme kweli: serikali zetu hazikulala. Mapatano ya Soko la Pamoja yalianza kazi mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 sisi wa Kenya, Uganda na Rwanda twavuka kwa kitambulisho tu. Mwaka 2018 marais wawili walikuja Busia kufungua kituo kimoja cha forodha cha nchi zote mbili. Mama wa soko mwenye bidhaa zilizo katika orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti chepesi pale pale mpakani. Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini cheti kile ni cha kitu kinachouzwa. Ngoma haiuzwi, ngoma huenda na kurudi. Ni chombo cha kazi, kama spana yetu.

Kadhalika Jumuiya ina tamasha lake la sanaa, JAMAFEST, lililoanza Kigali mwaka 2013. Na mwaka 2015 Bunge la Afrika ya Mashariki lilipitisha muswada wa kazi za sanaa na utamaduni. Lakini muswada kupita bungeni ni jambo moja, na mpiga ngoma kupita langoni ni jambo jingine. Kikundi kinachoitwa na wakubwa hupita kwa barua ya wizara. Kikundi kinachoitwa na baba wa bibi arusi hakina barua. Zamani za ukoloni baba zetu walivikwa kipande shingoni ili watembee katika nchi yao. Sasa yaelekea ngoma ndiyo itavikwa kipande!

Wako wanaosema, "Tukifungua mlango, watu wa Uganda watakuja kutunyang'anya kazi." Neno hili si jipya, nasi twalijibu. Mwenye baa akimwambia mpiga gitaa wa Busia hii, "Nitamleta wa ng'ambo kwa nusu ya bei yako," dawa si kumfukuza yule wa ng'ambo. Dawa ni hao wawili wakutane, wapatane bei moja, na mwenye baa akose pa kukimbilia. Makhan Singh na wenzake walikiunda chama cha wafanyakazi Kenya mwaka 1935. Mwaka 1937 wakakibadili jina kiwe cha Afrika ya Mashariki nzima. Waliona ya kuwa tajiri hashindwi na mfanyakazi wa upande mmoja wa mpaka.

Basi twaomba mkutano ujao ukubali mambo haya manne.

Kwanza, chama kiandikie serikali zote mbili, kitake hati moja nyepesi ya vyombo vya sanaa. Iandikwe: ngoma tatu, litungu moja, mavazi kumi; vimetoka leo, vitarudi Jumapili. Bila ada.

Pili, hati hiyo ipatikane langoni Busia na Malaba, siyo Nairobi wala Kampala, na ielezwe kwa Kiswahili.

Tatu, tuwaalike wenzetu wa reli wa Tororo na vikundi vyao kuja kwetu sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei, nasi mwaka unaofuata twende kwao.

Nne, wapiga ngoma wa pande zote mbili wasaidiwe kupatana bei, na yeyote atakayealikwa na chama chetu alipwe bei hiyo. Tusiwe sisi wa kwanza kumwambia msanii, "Njoo utuchangamshe, tutakupa chakula."

Ndugu, usiku tukiwa zamu huisikia ngoma ya ng'ambo ikilia, na sauti yake yavuka bila kuulizwa risiti. Twataka wanaoipiga nao wavuke hivyo. Njooni mkutanoni, na safari hii tulimalize shauri.

Wenu katika kazi,

Sisi wanachama wa reli, Butula na Malaba.