Poka ya kwenye simu: si kazi, ni mchezo wenye bei

Mwalimu mmoja wa Bukavu, jirani wa zamani wa mwandishi wa mistari hii, ana daftari la kurasa mia moja, kama yale ya watoto wa masomo. Upande wa kushoto anaandika feza anayoingiza kwenye akaunti yake ya poka. Upande wa kulia anaandika ile anayotoa. Kwa miezi 14 ameingiza dola 365 na kutoa dola 212. Tofauti ni dola 153, na anaisema bila haya: "Hiyo ndiyo bei ya mchezo wangu. Kuna watu wanakunywa zaidi ya hiyo kati ya Noeli na Bonane."

Tunaanza na daftari hilo kwa sababu ni watu wachache walio nalo. Katika miji yetu, toka Bunia hadi Lubumbashi, vijana na watu wazima wanacheza kwenye simu. Wengi wanacheza pari za mpira, wengine ule mchezo wa ndege inayopanda hadi inapoanguka, na wachache wanacheza poka. Hao wachache wanajiona ni watu wa namna nyingine. Wanasema mpira ni bahati, poka ni akili. Na wako wanaowaambia wazazi wao, macho makavu, kwamba wamepata kazi. Neno hilo la "kazi" ndilo linalotusumbua.

Tuwape haki yao kwanza. Poka si kubahatisha tupu. Katika namna inayochezwa zaidi, ile ya Texas Hold'em, kila mchezaji anapata karata mbili za siri, halafu karata tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwa mara moja, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila hatua unaamua: kutupa karata zako, kufuata, ao kupandisha. Huchezi na mashine, unacheza na watu. Mwenye karata nne za aina moja baada ya zile tatu za kwanza, anayengoja ya tano, ana nafasi karibu 35 kwa mia ya kuipata katika mbili zilizobaki. Anayejua hesabu hiyo anajua pia ni feza gani inafaa kulipa ili azione. Asiyeijua analipa tu. Baada ya muda mrefu, wa kwanza anakula feza ya wa pili.

Mwalimu wetu anafundisha hesabu, na anasema toka aanze kucheza, somo la kukadiria nafasi limepata uhai: anaingia darasani na karata 52 mkononi, watoto wanainua vichwa. Kuna raha nyingine pia, nayo si ndogo. Kukaa kwenye chumba cha Kadutu, umeme umekatika, mshumaa unawaka, na kumfanya mtu wa Poland ao wa Brazil atupe karata nzuri kwa sababu umemtisha na karata mbovu! Mtu aliyechoka na siku yake anahitaji kitu cha kumchekesha. Hatuna ugomvi na hilo. Wazee wetu wanacheza dame chini ya mti hadi giza, hakuna anayewaita wapotevu.

Lakini mzee wa dame akicheza vibaya anashindwa, na anajua kwa nini. Poka haiko hivyo. Asi mbili, karata bora za kuanzia, zinakuja kwa wastani mara 1 kwa 221. Tuseme umezipata, mwenzako ana wafalme wawili, wote mmeweka feza zote. Utashinda kama mara 4 kwa 5. Mara ya tano unapoteza kila kitu, na hukukosea popote. Kwa upande wa pili wa meza, yule aliyeingia vibaya anakokota feza zako na kujiona bingwa. Mchezo unampongeza mjinga na kumwadhibu mwenye akili, mara nyingi vya kutosha ili wote wawili wasijue nani ni nani. Mchezaji mzuri anaweza kupoteza kwa miezi mizima. Mchezaji mbaya anaweza kushinda kwa miezi, na huyo ndiye tunayemwogopea.

Mwalimu alipata usiku wake mkubwa mwezi wa pili wa kucheza: dola 140 katika shindano moja, siku ya Mungu, hadi alfajiri ya siku ya kwanza. Alilipa feza ya masomo ya watoto wawili. Bibi yake, ambaye hakuwa akipenda mchezo, alinyamaza. Ukitazama daftari, kurasa zilizofuata ndizo zenye namba kubwa upande wa kushoto. Alikuwa akiingiza dola 5, akaanza kuingiza 15, kisha 20. Usiku ule wa dola 140 ulimgharimu kuliko usiku wowote aliopoteza.

Halafu kuna mwenye meza. Watu kumi wanaingia katika shindano dogo, kila mtu analipa dola 1 na senti 10. Dola 10 zinakuwa zawadi, dola 1 inabaki kwa mwenye meza. Ni kidogo, nani atahesabu senti 10? Lakini watu hao kumi wakirudi mara 100, dola 100 zimetoka mfukoni mwao na hazitarudi kwa yeyote kati yao. Kwenye meza za kawaida anakata sehemu ya feza iliyo katikati, mara nyingi karibu 5 kwa mia. Kwa hiyo haitoshi kuwashinda wenzako. Lazima uwashinde kwa kiasi kinachopita kile anachokata. Yeye hapandishi, hatishi mtu, hapati karata mbaya. Kama kuna mtu mwenye kazi kwenye meza ile, ni yeye.

Vijana wakisikia hayo wanatujibu kwa jina moja: Moneymaker. Ni kweli, alikuwako. Mwaka wa 2003, Chris Moneymaker, mtu wa Tennessee aliyekuwa akifanya kazi ya kuandika hesabu za biashara, aliingia kwenye shindano dogo la intaneti kwa dola 86, akapata nafasi katika shindano kubwa la dunia huko Las Vegas ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akalishinda na kwenda na dola milioni 2.5. Wachezaji walikuwa 839. Mwaka wa 2004 walikuja 2,576, mwaka wa 2006 walifika 8,773. Hadithi yake ndiyo iliyowaleta. Sasa ndugu msomaji, uliza kidogo: wale 838 wa mwaka wa 2003 wanaitwa nani?

Jambo lingine ambalo halisemwi sana: feza iliyo kwenye akaunti ya poka si feza iliyo mkononi mwako. Hapa kwetu dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa sokoni, kila mtu anaigeuza mara tatu kabla ya kuipokea. Lakini tunaamini dola ya kwenye kioo cha simu, iliyowekwa na mtu tusiyemjua, katika inchi tusiyoijua. Tarehe 15 Aprili 2011, Marekani ilifunga milango ya kampuni tatu kubwa za poka na kuwashitaki wakubwa wake. Moja kati yao, Full Tilt, haikuwa na feza za kuwarudishia wachezaji, kwa sababu zilikuwa zimetumiwa. Wachezaji wa inchi nyingine walingoja zaidi ya mwaka mmoja, hadi kampuni shindani, PokerStars, ilipokubaliana na serkali ya Marekani kulipa dola milioni 731 na kuichukua Full Tilt. Wamarekani wenyewe walianza kulipwa mwaka wa 2014. Hayo yalitokea mahali ambapo kuna mahakama zinazofanya kazi na waendesha mashitaka wenye nguvu. Mchezaji wa Goma ao wa Uvira atabisha hodi kwenye ofisi gani?

Turudi kwa mwalimu, maana kuna ukurasa mmoja ambao hauko kwenye daftari lake. Alitusimulia mwenyewe.

Alikuwa mtunza feza wa likelemba ya walimu wenzake. Feza za kundi zilikaa kwenye simu yake, kwenye namba ileile anayotumia kwa mshahara, kwa mkaa, na kwa poka. Usiku mmoja alipoteza dola 25 kwa karata ya mwisho. Alikuwa amecheza vizuri, na hilo ndilo lililomuwasha kichwa. Akatazama simu, akaona kuna feza. Akachukua dola 60. Anasema hakuwaza kwamba anaiba, aliwaza kwamba anakopa kwa saa mbili. Kwa saa mbili zilikwisha.

Zamu ya kupokea ilikuwa ya mwalimu mama mwenye watoto watano, siku ya posho. Alipewa zote, kwa sababu mtunza feza alikuwa amekimbilia mwenye duka na kukopa dola 60 kwa faida. Hakuna aliyejua. Alilipa deni lile kwa miezi mitatu, na faida yake haikuandikwa popote. Kwa hiyo zile dola 153 anazozitaja kwa fahari si hesabu ya kweli, naye anajua.

Sisi hatuombi poka ipigwe marufuku. Hata ingepigwa, simu haisimamishwi kwenye kizuizi cha barabara. Lakini yako mambo yanayowezekana. Ufaransa, toka sheria ya 2010, kampuni za poka ya intaneti zinahitaji kibali, na kila mchezaji analazimika kuweka mwenyewe kipimo cha feza anayoweza kuingiza kwa juma. Serkali yetu ingeweza kudai hivyo kwa kila kampuni inayopokea feza za simu za Wakongomani, kama ilivyo rahisi kwake kudai kodi. Wakala wa feza za simu, wewe unayekaa chini ya mwavuli, unamjua mtoto wa darasa la nane anayeleta franka zake kila mangaribi ili uzitume kwenye akaunti ya mchezo. Mrudishe nyumbani.

Na mchezaji mwenyewe, jambo la kwanza ni namba mbili. Namba moja ya maisha, namba moja ya mchezo, na ile ya mchezo isipokee kitu kingine. Mtu anayetunza feza za wengine, za likelemba, za kanisa, za mazishi, asiwe na poka kwenye simu ile, hata kama anajiamini. Hasa kama anajiamini. Mwenye kuingiza tena feza usiku uleule aliopoteza, huyo kwa usiku huo hachezi tena poka, anafukuza deni.

Tulimuuliza bibi wa mwalimu anaonaje zile dola 153. Alisema mumewe anahesabu dola, yeye anahesabu mangaribi: mara nne kwa juma, saa mbili ao tatu, baba ya watoto yuko nyumbani na hayuko. Hilo daftari halina upande wake.

Likelemba sasa ina mtunza feza mwingine. Mwalimu bado anacheza, kwa namba ya pili, na namba ya siri ya ile ya kwanza inajulikana na bibi yake peke yake. Mwezi uliopita alimwomba dola 5 za mchezo. Akapewa 3.