Jirani Alipotualika Chai

Kijiji tunachoishi huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kimezungukwa na malisho ya kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mandhari hutuliza moyo, ila lafudhi hututaabisha: Kiingereza tulichofunzwa shuleni hakifanani na hiki, ambacho humeza nusu ya maneno.

Juma lililopita jirani yetu, bibi mjane aishiye peke yake, alitualika chai saa kumi na moja jioni. Nikawalisha wanangu kwanza, wasije wakaniaibisha kwa njaa. Tulipofika, tukakuta meza imeandaliwa samaki, viazi na njegere. Kumbe kwa watu wa huku “chai” ni chakula cha jioni! Na samaki alimchagua makusudi, akijua nyama isiyochinjwa kisheria hatuli.

Tungeonja kidogo na kuaga, angedhani tumemdharau. Nikamweleza ukweli, akacheka hadi machozi, kisha akatufungia kilichobaki.

Ndugu zangu mlio ugenini, neno msilolielewa liulizeni. Kuuliza si aibu. Aibu ni kumvunja moyo jirani, ambaye haki yake Uislamu umeisisitiza, hata asipokuwa Mwislamu.