Chumba Kimoja cha Walimu, Mizani Mbili

Tangu Julai 2022, serikali ya Uganda ilipoamuru kwamba mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi apokee shilingi milioni nne kwa mwezi, na mwenzake mwenye shahada ya sanaa aachwe na milioni moja na ushei, wakuu wa utumishi hawajachoka kutuhubiria habari za tija, motisha na ustawi wa mfanyakazi, kana kwamba mambo hayo matatu yaweza kuishi nyumba moja na amri ile. Nasema mapema, msomaji asije akadhani napimapima: uamuzi ule ulikuwa dhulma, na fauka ya dhulma ulikuwa hasara kwa mwajiri mwenyewe, ambaye alinunua bidii ya baadhi ya watumishi wake kwa kuuza bidii ya wengine.

Wanaoutetea wana hoja zao, nami nitazitaja kwa kuwa insafu yataka zitajwe. Rais Museveni amesema mara nyingi kwamba nchi haiendelei bila wanasayansi, kwamba madaktari na wahandisi hukimbilia ng'ambo wanakoitwa kwa malipo bora, na kwamba hazina haina uwezo wa kumwinua kila mtu siku moja, basi heri kuanza na wachache. Ni kweli kwamba madaktari huondoka, na ni kweli kwamba hazina ni nyembamba. Lakini mwalimu wa kemia wa Kyondo, katika milima ya Bukonzo magharibi mwa Uganda, hakuwa na tikiti ya ndege mfukoni, na wembamba wa hazina haujapata kuwa sababu ya kumpa mmoja karibu mara nne ya jirani yake.

Wala sisemi watu wote walipwe sawa. Mkuu wa idara apate zaidi ya aliyeajiriwa jana, na aliyesoma miaka mingi apate zaidi ya aliyesoma michache. Hayo hayana ubishi. Hawa wawili ninaowasema wamesoma miaka sawa, wameajiriwa kwa daraja moja, huandika azimio la kazi na andalio la somo kwa namna moja, hushika zamu ileile na kutia sahihi katika daftari lilelile la zamu. Na hapa ndipo penye kiini cha shauri lote, ambacho waliopanga mishahara hawakukitazama au walikitazama wakakipuuza: kazi ya shule haigawanyiki kwa masomo. Mtoto wa milima ya Bukonzo, aliyelelewa katika lugha ya Lhukonzo tangu kunyonya hadi kuchunga mbuzi, hulisoma swali la fizikia katika Kiingereza. Asipolielewa, maarifa yake yote ya mwendo na nguvu hayamfai kitu, na anayemwezesha kulielewa ni mwalimu wa lugha, aliyeambiwa kwamba kazi yake ina thamani ya robo. Tangu 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini unataka mwanafunzi afanye miradi, aeleze alichokiona, aandike alivyofikiri. Nani humfundisha kueleza na kuandika? Matokeo mema ya sayansi yakija, yatahesabiwa kuwa ya mwalimu wa sayansi. Ilhali ni mchuzi uliopikwa na wengi, na mmoja tu ndiye aliyelipwa gharama ya kuni.

Mwaka 1963 mwanasaikolojia John Stacey Adams, aliyekuwa akifanya utafiti katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alieleza kwamba mfanyakazi haupimi ujira wake kwa wingi wake peke yake, bali hulinganisha anachotoa na anachopata na hali ya mwenziwe, na akiiona mizani imeinama huisawazisha kwa mkono wake: hupunguza juhudi, au huondoka. Mwajiri wa biashara hujifunza jambo hili kwa kupoteza faida. Shuleni upotevu wenyewe hauonekani katika daftari lolote, kwani mwalimu huja, husimama mbele ya darasa, hufundisha kwa kadiri ya kutofukuzwa, kisha alasiri huteremka mlima kwenda kutafuta vipindi vya ziada katika shule ya binafsi. Na pametokea mkuu wa shule mwenye shahada ya sanaa kupokea pungufu ya kijana wa sayansi anayemsimamia. Sijui anamdai andalio la somo kwa sauti gani.

Subira yangu huishia katika jambo moja. Mwezi uleule mishahara mipya ilipoanza, Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Huko Bwera na Mpondwe, mpakani, ambako soko zima huuza na kununua pamoja na Wakongo kwa Kiswahili, habari hiyo ilikuwa njema. Lakini mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa! Serikali moja, mwezi mmoja, ikampandisha cheo kwa mkono wa kulia na kumshusha kwa mkono wa kushoto, kisha ikastaajabu alipogoma. Walimu wa sanaa walikuwa wamegoma tayari Juni 2022, kabla mishahara hiyo haijaanza. Wakagoma tena Juni 2025. Na kila mara wakaambiwa wawaonee huruma watoto. Huruma hiyo walikuwa nayo kabla ya kuhubiriwa. Waasi wa ADF walipoivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe usiku wa 16 Juni 2023 na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, mtoto wa shule ya jirani aliyeogopa kulala bwenini hakuhitaji mtu wa kumweleza elementi za kemia. Alihitaji mtu mzima wa kukaa naye, na kukaa huko hakuna fungu lake katika orodha ya mishahara.

Basi nisiletewe warsha ya ustawi, yenye chupa za maji na somo la kupumua polepole. Mwaka 2018 serikali ilitia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi juu ya kupandisha mishahara kwa awamu. Arudie hapo aliyeyaacha, aanze na walio chini, akiwamo mwalimu wa msingi ambaye katika mtafaruku huu wote alikuwa hapati hata nusu milioni. Zamani chama cha walimu cha taifa, UNATU, kilisema kwa niaba ya walimu wote. Leo wa sayansi wana chama chao, wa sanaa wana chao, na wizara italazimika kuketi na kila kimoja kwa zamu yake, ikilipia kwa migomo mgawanyiko ilioununua yenyewe.