Wakutubi wajifunze kutafuta kwa vitendo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu wanafunzi wa ukutubi wanaosomeshwa kwa intaneti. Kumtazama mwalimu wao akitafuta maandishi katika hifadhidata hakutoshi. Sisi walimu wa msingi twajua kuwa mtoto hajui kuandika mpaka ashike kalamu mwenyewe.

Kila mwanafunzi apewe swali la kweli, kama kufundisha kusoma katika darasa lenye watoto wengi, alitafute katika ERIC, hifadhidata ya elimu ya Marekani isiyotoza ada. Aone mwenyewe kwamba neno AND hupunguza majibu, na OR huyaongeza. Aandike hatua zake, zisahihishwe. La sivyo, sisi wa vijijini tutamwendea mkutubi mwenye cheti asiyeweza kutusaidia.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa.