Hewa ya Wodi Haichomwi

Hakuna kijidudu cha hewani kinachoustahimili moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Louis Pasteur alivuta hewa kupitia bomba la platini lililokolezwa moto hadi likawa jekundu, akaiingiza kwenye chupa ya maji ya hamira na sukari yaliyochemshwa. Maji hayakuchacha. Mwaka 1868 John Tyndall, akiwa London, alimulika bomba la kioo kwa taa kali na kuona vumbi likielea ndani yake. Alipoipitisha hewa kwanza juu ya ndimi za taa ya spiriti, vumbi lilitoweka na bomba likabaki jeusi, kwa kuwa hapakuwa na chembe ya kuurudisha mwanga machoni.

Kwa nini basi tusiichome hewa ya wodi za kifua kikuu? Fanya hesabu. Wodi ya mita za ujazo 200 ambayo hewa yake inabadilishwa mara 12 kwa saa ingehitaji zaidi ya kilowati 200, mchana na usiku, kuifikisha hewa hiyo nyuzi 300 tu. Hizo ni birika za umeme zaidi ya mia moja zinazochemka kwa pamoja bila kuzimwa. Hakuna zahanati yetu itakayoweza, na hakuna inayolazimika.

Kuna njia zilizothibitishwa za kuisafisha hewa. Kuanzia miaka ya 1950 huko Baltimore, Richard Riley na wenzake waliwafuga simbilisi wakivuta hewa iliyotoka wodi ya kifua kikuu. Baadhi ya waliovuta hewa hiyo ilivyo waliambukizwa. Waliovuta hewa iliyopigwa mionzi ya urujuanimno walisalimika. Mwaka 2007 yakachapishwa matokeo ya hospitali za Lima, Peru, nayo ndiyo yanayonigusa zaidi. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa wastani wa mara 28 kwa saa. Vile vya mashine za kupitishia hewa, mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari refu na madirisha mapana, yaliyapita ya kisasa. Sisi tunabomoa majengo ya namna hiyo, tunajenga vyumba vya dari fupi, vioo visivyofunguka na kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile.

Moto tuuache kwenye vikopo vya makohozi, barakoa zilizotumika na taka za maabara, na huko uwe moto wa kweli: tanuri la vyumba viwili, cha pili kikifika nyuzi 850 au zaidi. Shimo linalofuka moshi nyuma ya jiko la hospitali halichomi; linawatupia majirani dioksini.

Wahandisi, waganga wakuu na madiwani mnaopitisha ramani za vituo vya afya: kabla ya kutia saini, ulizeni kila dirisha la wodi linafunguka kiasi gani, na hewa inatokea wapi. Jibu lisiporidhisha, irudisheni ramani.