Unga wa ndama Juba: bei si kipimo, protini ndiyo

Mfugaji wa New Site, mjini Juba, mwenye ng'ombe wa maziwa hukabiliwa na hesabu ngumu kila alfajiri: kiasi gani kiende sokoni, na kiasi gani kibaki kwa ndama. Maziwa mbadala, yaani unga unaokorogwa kwa maji ya uvuguvugu na kunyweshwa ndama, huonekana kuwa jibu. Ila mnunuzi hutazama bei kabla ya kuuliza protini ya unga huo imetoka wapi.

Katika wiki tatu za mwanzo ndama hajawa mnyama wa kucheua. Tumbo lake la nne ndilo litendalo kazi, na vimeng'enya vyake vinafaa zaidi kwa maziwa. Kwa hiyo protini ya maziwa yaliyoondolewa mafuta, au ya majimaji yanayobaki baada ya kutengenezwa jibini, humfaa. Soya na ngano ni nafuu, ndiyo maana viwanda huzichanganya. Lakini soya isiyosindikwa kwa joto ipasavyo ina viambata vinavyozuia umeng'enyaji na kuusumbua utumbo. Ndama huhara, hukonda, na pengine hufa. Asilimia ya protini iliyochapishwa kwenye mfuko haifichui hilo. Mifuko miwili yaweza kuwa na asilimia 22 kila mmoja, mmoja ukamkuza ndama na mwingine ukamdhoofisha.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini bidhaa nyingi za viwandani bado hutoka nje na bei zake hufuata dola. Pauni inaposhuka, mfuko wa bei ya chini huvutia zaidi.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni kizito kuliko bei. Ng'ombe wengi wa asili, wakiwemo wa Wamundari wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, hawateremshi maziwa vyema bila ndama kuwapo: ndama hunyonya kwanza, mkamuaji hufuata. Kumtenga ndama ili anyweshwe unga kwaweza kukausha kiwele chenyewe. Unga huu huwafaa zaidi wenye ng'ombe wa kigeni au chotara, wanaozoea kukamuliwa peke yao.

Hata hao hawana budi kumpa ndama dang'a saa chache tu baada ya kuzaliwa, kisha protini ya maziwa mpaka wiki ya tatu ipite. Soya iliyosindikwa vyema yaweza kuingia baadaye, kidogo kidogo.